Fundi wa Mahoko Anajibu: Mashine Imekataa Kuwaka

Barua za wiki hii zote ni za mashine za boti. Kabla sijajibu, niwatulize wanaozidi kuuliza fundi wa boti anatafuta nini Mahoko, mahali ambapo maji yetu ni Mto Sebeya tu. Mahoko kuna soko, barabara ya Musanze inapita mlangoni, kodi ya kibanda si ile ya Gisenyi mjini, na nina pipa. Mashine naifunga kwenye ubao, mguu wake nauzamisha pipani, nawasha. Yenyewe haijui kama iko Ziwa Kivu au nyuma ya duka la maharage. Maji tu lazima yawe ya bomba. Mvua ikinyesha milimani Sebeya huja na rangi ya chai ya maziwa, na tope hilo likivutwa kwenye njia za kupozea injini, utanilipa mara mbili.

*Fundi, jambo. Miaka yote nilitumia mashine ya kabureta, tukaelewana. Shemeji yangu wa Goma akanishawishi ninunue ya injeksheni. Sasa asubuhi stata inazunguka vizuri lakini injini haishiki. Nimebadilisha plagi, nimetafuta choki sikuiona, nimeomba Mungu. Wavuvi wa sambaza wanapita na makasia yao wakinicheka. Mashine niifanye nini, na shemeji nimfanye nini?*
*Aliyeaibika, Rubona*

Tuanze na mashine, maana shemeji hana spea.

Choki hukuiona kwa kuwa haipo. Kompyuta ndiyo inayopima joto la injini na mkandamizo wa hewa, kisha inaamua nozeli zitoe petroli kiasi gani. Kwa hilo shemeji hakukudanganya. Kivu iko mita 1,460 juu ya bahari na hewa yake ni nyepesi. Kabureta iliyopimwa kwa ajili ya pwani, ukiileta hapa bila kubadili jeti, inamwaga mafuta kupita kiasi, inatoa moshi mweusi na plagi zinajaa masizi. Ya injeksheni inajirekebisha yenyewe. Nguvu zitapungua kwa zote mbili, kwa asilimia 15 hivi. Hewa isiyokuwepo hakuna kompyuta ya kuileta.

Kesho asubuhi usipige stata. Zima redio, wanyamazishe watu, geuza ufunguo hatua ya kwanza tu, kisha sikiliza. Chini ya kifuniko utasikia mlio mwembamba wa sekunde mbili tatu, halafu unakatika. Hiyo ni pampu ya presha inajaza mafuta. Ukisikia kimya, tafuta fyuzi, relei au waya uliolegea, na zile plagi za zamani ungezihifadhi, hazikuwa na kosa.

Mlio ukiwepo, shika kile kipira cha kubana kwenye mpira wa mafuta. Kibane mpaka kiwe kigumu. Kikikataa kuwa kigumu na tangi lina mafuta, kuna mahali hewa inaingia, na mara nyingi ni kwenye kiungio cha tangi au vali za kipira chenyewe. Ikiwa injini inashika kidogo kisha inazima, na kipira kimenyonywa mpaka kikawa bapa, hujafungua tundu la hewa kwenye kizibo cha tangi. Usione haya. Watu wamevutwa kwa kamba kutoka katikati ya ziwa kwa sababu ya kizibo hicho.

Halafu fungua filta, mimina kilichomo kwenye chupa nyeupe ya maji ya dukani, iache itulie. Petroli itakaa juu, maji chini, na mpaka wake utauona kwa macho. Kabureta ilikuwa ikipata tone la maji inakohoa, inaendelea. Nozeli ina vitundu vyembamba mno, haina uvumilivu huo.

La mwisho ni hilo neno lako, "inazunguka vizuri." Vizuri kwa sikio la nani? Betri iliyochoka huweza kuzungusha stata huku volti zikishuka chini ya 10, na hapo kompyuta inalala. Utazungusha mpaka jioni. Pima betri wakati stata inafanya kazi. Ikiwa imepumzika kila betri inaonekana nzima.

Ninakukataza jambo moja: usichomoe mpira wa presha "kuona kama mafuta yanafika," kama ulivyofanya enzi za kabureta. Mle ndani kuna karibu baa 3. Yatafika, tena machoni.

Shemeji mwalike ale sambaza, umkalishe karibu na hao wavuvi.

*Fundi, nikigeuza ufunguo hakuna hata "tik." Taa za boti zinawaka. Fundi mmoja wa mjini anasema kompyuta imekufa, nitoe pesa.*
*Mama wa boti ya abiria*

Mama, usitoe kwanza. Angalia gia: kama haiko kwenye nyutro, stata hainyimwi umeme kwa ubaya, imeundwa hivyo. Kisha tafuta kile kikamba chekundu cha usalama. Kikiwa kimechomolewa, mashine nyingine hazizunguki kabisa, nyingine zinazunguka siku nzima bila kuwaka. Wajukuu wanakipenda sana, uliza nyumbani. Baada ya hapo fyuzi kubwa na vichwa vya betri. Huyo fundi muombe akuonyeshe alichopima. Kompyuta ndiyo ya mwisho kufa na ya kwanza kushtakiwa.

*Asubuhi inawaka mara moja. Nafika sokoni, nazima, nakula, nikirudi haiwaki mpaka nusu saa ipite. Mke wangu haniamini.*
*Msema kweli*

Nakuamini, kwa kiasi. Ukizima injini yenye moto, maji ya kupoza yanasimama, joto linapanda chini ya kifuniko na petroli inageuka mvuke. Kwenye kimo chetu maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100, na petroli nayo huvukiza upesi kuliko Mombasa. Pampu inajaribu kusukuma mvuke, haiwezi. Inua kifuniko ipoe, bana kipira, geuza ufunguo bila kupiga stata mara chache ili pampu ijaze upya.

Na wewe, mama wa nyumbani, kama unasoma: mvuke unaeleza kuchelewa kwa nusu saa. Saa tano za usiku hauzielezi.

*Nimepata mashine kwa nusu ya bei. Ililala kwenye tope mafuriko ya Sebeya ya Mei 2023, lakini muuzaji anasema ameiosha.*
*Mwenye bahati*

Ameosha anachokiona. Fungua soketi za waya mojamoja. Ukiona ukungu wa kijani kwenye shaba, rudisha pesa mfukoni. Wengi hapa walipoteza ndugu na nyumba kwenye yale maji, hivyo simlaumu anayejaribu kuokoa kilichobaki. Akuuzie vyuma kwa bei ya vyuma.

*Je, gesi ya ziwa inaweza kuwa ndiyo inayozima mashine? Na kwa nini tusiitumie badala ya petroli?*
*Mwanafunzi, Nyundo*

Methani ya Kivu imeyeyuka kwenye maji ya kina kirefu, mamia ya mita chini. Hapo juu unapopita haikugusi. Cha kuogopa ni mazuku, ile hewa nzito ya kaboni dayoksaidi inayojikusanya mabondeni kando ya ziwa. Kweli, ndani yake injini haiwaki, lakini wewe utaanguka kabla hujaishika kamba. Kuitumia methani si wazo jipya: mwaka 1963 ilianza kutolewa hapo Rubona kwa ajili ya kiwanda cha bia cha Gisenyi, na leo KivuWatt kule Karongi wanaitumia kuzalisha umeme kwa jukwaa zima linaloelea, lenye mabomba ya mita zaidi ya 300. Kama boti yako ina nafasi ya hayo yote, niandikie tena. Kama haina, ukinunua petroli pitisha kwenye kitambaa.