Barua ya Wazi kwa ZFF: Utabiri Wangu wa Nani Atachukuliwa na Nani

Kwa Waheshimiwa Viongozi,
Shirikisho la Mpira wa Miguu Zanzibar (ZFF),
Unguja.

YAH: UTABIRI WA VIJANA WATAKAOCHUKULIWA MSIMU UJAO, PAMOJA NA OMBI LA KUFANYIWA SHEREHE



Tafadhalini husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Waheshimiwa, mimi ni mshabiki tu. Sina leseni ya ukocha, sina kadi ya uwakala, na kiti changu ni cha simiti: baraza ya Jaws Corner, Mji Mkongwe, mahali ambapo kila mtu ni kocha mpaka muuza kahawa adai pesa yake. Kamati yetu ya ufundi inaongozwa na mzee mmoja anayepanga timu kwa vikombe. Vikombe vinne nyuma, vinne kati, viwili mbele, na golikipa ni dele lenyewe, na makaa yake chini. Mfumo ni mzuri, ila una udhaifu mmoja: wachezaji hunywewa. Juzi beki wa kushoto alimalizwa kabla ya mapumziko, na winga wa kulia akasuuzwa kwenye ndoo, akarudi uwanjani amebeba kahawa ya mtu mwengine. Pamoja na hayo, ratiba ya mzee huyu haijawahi kubadilishwa usiku wa kuamkia mechi.

Ni kamati hiyo iliyonituma niwaandikie.

Wamarekani, waheshimiwa, wana utaratibu wao wa kugawana vijana. Kila mwaka chipukizi hukusanywa, mkubwa wa ligi hupanda jukwaani, na timu huchagua kwa zamu. Zile zilizofanya vibaya msimu uliopita ndizo hupewa nafasi za mbele, ili mnyonge naye apate pa kushika. Mtanzania mwenzetu Hasheem Thabeet aliwahi kusimama jukwaani hapo: Juni 2009, katika mpira wa kikapu, alichaguliwa wa pili nchi nzima, na Memphis Grizzlies. Aliyechaguliwa wa saba usiku huohuo anaitwa Stephen Curry. Kwa hiyo msiwaogope wataalamu. Wenye kamera, mizani na madaktari nao hubahatisha.

Kabla ya siku hiyo, mashabiki wa kule huandika utabiri wao: fulani atakwenda wapi, nani atalia, nani atabaki. Nikasema, na sisi tunashindwa nini? Kuchukuliwa tunakujua kuliko wao. Tofauti ni kwamba kule wa mwisho huchagua mwanzo, na kwetu aliyelea huchagua mwisho, tena akiulizwa.

Basi utabiri wangu ndio huu.

Chaguo la kwanza litakuwa la KMKM. Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo kitamchukua beki wa kati wa mtaani kwetu, yule ambaye kwake hapiti mtu wala hapiti mzigo. Kijana hataulizia posho ya ushindi, ataulizia ajira. Mama yake ataulizia pensheni. Wala siwacheki. Klabu ya mtaa humlipa mchezaji kwa dua na nauli ya daladala, kikosi humlipa mwisho wa mwezi. Ndiyo maana KMKM walichukua ubingwa mara tatu mfululizo, 2021, 2022 na 2023, na walipopumzika 2024 wakaupokea JKU, Jeshi la Kujenga Uchumi. Ubingwa ulitoka kwenye gwanda moja ukaingia kwenye gwanda jengine.

Chaguo la pili ni la Zimamoto. Watachukua golikipa, kwa kuwa kazi ni ileile: kuitwa wakati mambo yameshaharibika.

La tatu, Chuo cha Mafunzo, yaani magereza yetu. Hawa wanastahiki kuonewa huruma, maana ndio askari pekee duniani ambao wakifungwa wao, watu hucheka. Watatafuta mshambuliaji wa kufunga, ili kazi ya asubuhi na kazi ya jioni zilingane.

La nne, Uhamiaji. Watataka mshambuliaji asiyeotea. Ni aibu kwa idara nzima mtu wao kushikwa amevuka mstari bila ruhusa, tena na mshika kibendera.

La tano litashangaza wageni, lakini sisi tumelizoea: hoteli. Hoteli za Nungwi na Kendwa hazimo katika Ligi Kuu, lakini dirisha lao la usajili halifungwi, hata Ramadhani ligi ikisimama. Watamchukua winga wa mguu wa kushoto, mwenye mbio ambazo mabeki wa Central, ligi ya vijana, wanazikumbuka hadi leo. Atavaa fulana yenye jina la hoteli mgongoni, pahala pa namba, na mbio zake atazitumia kulifikia begi la mtalii kabla ya mwenzake. Akikosa hoteli, atakuwa papasi wa kusaka watalii, na huko ushindani ni mkali kuliko ligi.

Chaguo la sita ni la wenye bahari, yaani Dar es Salaam. Hapa nawaombeni mvue kofia kwa Azam. Kwa hesabu za barazani, ni familia pekee ya biashara inayoweza kumsajili mchezaji asubuhi, kumvusha kwa boti yake, kumpa juisi yake njiani, na usiku kumuonesha kwenye televisheni yake. Mwengine akitaka kushindana nayo, aanze kwa kununua bahari.

Msidhani natunga. Feisal Salum, Fei Toto, alikuwa kijana wa JKU. Akavuka, na tangu 2018 akawa wa Yanga, kisha 2023 akawa wa Azam, baada ya mvutano wa mkataba uliozungumzwa mpaka Ikulu. Ibrahim Hamad, Bacca, alikuwa wa KMKM hadi Januari 2022, akenda Yanga. Iangalieni Januari hiyo vizuri, waheshimiwa. Kila Januari kuna Kombe la Mapinduzi, na kila Januari dirisha dogo la usajili la Bara liko wazi. Sisi tunadhani tunaadhimisha Mapinduzi, wenzetu wanatembelea duka.

Na mali tuliyoiuza huturudia. Oktoba 2025, katika Kombe la Shirikisho Afrika, KMKM walikutana na Azam, mechi mbili, jumla ya mabao 9-0. Magendo ya aina hiyo hayakuzuilika.

Kuna timu moja tu inayovuruga mahesabu ya barazani: Mlandege. Hawana gwanda, hawana meli, wana mtaa. Januari 2023 wakatwaa Kombe la Mapinduzi mbele ya Singida Big Stars. Januari 2024 wakalitwaa tena, mbele ya Simba, 1-0, pale Amaan ambapo rangi ilikuwa bado mbichi baada ya matengenezo. Mwaka uliofuata kombe likachezwa na timu za taifa, tena Gombani, Pemba. Mimi si mtu wa maneno ya chinichini. Nasema tu kwamba Mlandege walikuwa wameanza kulizoea. Zanzibar Heroes, timu yetu ya taifa, walilibakisha nyumbani kwa kuwafunga Burkina Faso 2-1 katika fainali, kwa hiyo midomo yetu ikazibwa kwa furaha.

Sasa chaguo la saba, na hapa naomba mkae vizuri, maana safari hii anayechaguliwa ni Zanzibar yenyewe.

Machi 16, 2017, mjini Addis Ababa, CAF ilituchagua. Tukawa mwanachama kamili wa 55. Siku hiyohiyo Issa Hayatou, aliyekalia kiti cha CAF tangu 1988, aliangushwa na Ahmad Ahmad wa Madagaska. Julai 21, mjini Rabat, CAF ya Ahmad ikatufuta: nchi moja haiwezi kuwa na mashirikisho mawili, na nani ni nchi waulizwe Umoja wa Afrika na Umoja wa Mataifa. Miezi minne na siku zake! Mchezaji wa majaribio anayevunjika mguu siku ya kwanza huvumiliwa zaidi ya hapo. Hata jezi haikupata kuchuja.

Desemba ya mwaka huohuo, kijana huyo aliyekatwa alikwenda Kenya kucheza Kombe la Chalenji la Afrika Mashariki na Kati. Akaifunga Tanzania Bara 2-1. Akaifunga Uganda 2-1 katika nusu fainali. Fainali, Machakos, akatoka 2-2 na wenyeji, akapoteza kwa penalti tu. Hakuwahi kufika karibu namna ile na kombe hilo tangu alichukue mara yake ya pekee, 1995. Kocha alikuwa Hemed Suleiman, Morocco. Basi nadhani mnajua kilichofuata: naye akachukuliwa! Miaka michache baadae alikuwa anaifundisha Taifa Stars. Kumbe sisi hata makocha tunalea.

Na Desemba 30, 2025, katika AFCON, Taifa Stars ilikuwa nyuma ya Tunisia kwa bao moja. Aliyesawazisha ni Feisal, mtoto wa Unguja, na sare ile ikaiingiza Tanzania katika 16 bora kwa mara ya kwanza. Mechi ilichezwa Rabat. Mji uleule tulimoambiwa hatupo ndio ulioshuhudia mtu wetu akifunga. Barazani tulishangilia hadi mzee akapindua safu nzima ya ulinzi, kahawa ikamwagika kwenye simiti. Tulishangilia kama Watanzania, kwa moyo mmoja, wala hamna haja ya kumtuma mtu aje kuuliza.

Waheshimiwa, msije mkadhani naomba vijana wafungiwe ndani. Kijana aende. Bahari haijengewi ukuta, na ukimzuia atapita kwa mtumbwi. Ninachokiomba kina sehemu mbili.

Kwanza, sherehe. Ikiwa kuchukuliwa hakuepukiki, basi tukufanye hadharani, Mnazi Mmoja, jioni, pakiwa na viti vya plastiki, taarabu na mgeni rasmi. Hotuba ya mgeni rasmi isizidi dakika tisini pamoja na za majeruhi. Vikosi vikae safu moja, hoteli safu ya pili, wageni wa Bara watapewa maji. Klabu ya mwisho kwenye msimamo ichague mwanzo, na mabingwa wangojee. Najua hapo bingwa atakata rufaa. Kamati ya rufaa nayo ikae hapohapo, tumalize usiku mmoja jambo ambalo hutuchukua msimu.

Pili, daftari. Hili nalisema bila mzaha. Kanuni za FIFA zinajua kwamba mchezaji haoti kama mwani. Akiuzwa kutoka nchi moja kwenda nyengine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya fedha hukatwa na kugawiwa klabu zilizomlea tangu ana miaka 12 hadi 23. Lakini kijana anayepanda boti pale Malindi na kushuka Dar, kwa FIFA hajatoka nchi yoyote. Amehama mtaa tu. Kwa uhamisho wa ndani kama huo, FIFA inayaambia mashirikisho yaweke utaratibu wao wenyewe wa kuzilipa klabu zilizolea. Kwa hiyo mlango ambao Rabat waliufunga hauhusiki hapa. Hapa funguo mnazo nyinyi na wenzenu wa Bara, TFF, na meza ya kukalia haizidi safari ya boti ya saa mbili.

Anzeni na jambo dogo. Kila mtoto anayecheza Juvenile, ligi ya watoto, Unguja na Pemba, aandikwe: jina, tarehe ya kuzaliwa, timu iliyomfunza, mwaka gani hadi mwaka gani. Akenda Central, iandikwe. Akiingia gwandani, iandikwe. Akivuka bahari, daftari limtangulie, na karatasi ya mwisho iwe na namba ya akaunti ya klabu ya mtaani. Mkifanya hivyo, klabu isiyoweza kushindana na KMKM kwa mshahara itaweza japo kuishi kwa kulea. Msipofanya, mtaani patabaki watu wa kupiga makofi tu, na makofi hayanunui nyavu.

Nafahamu kwamba mna kazi nyingi. AFCON 2027 inakuja Kenya, Uganda na kwetu, na wageni watataka viwanja. Viwanja tunavyo na vyengine vinakuja. Amaan imeshapokea marudiano ya fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, Simba na RS Berkane, Mei 2025, na CHAN Agosti yake, ambapo Sudan iliipiga Nigeria 4-0 mbele ya macho yetu. Kufungua mlango na kutandika majani tumeshaonesha tunaweza. Sasa tufungue daftari.

Nikijibiwa nitashukuru. Nisipojibiwa, nitaichukulia barua hii kuwa imepokelewa kwa utaratibu wa kawaida.

Wabillahi tawfiq.

Wenu mtiifu,
Mshabiki, kwa niaba ya Kamati ya Ufundi ya Vikombe,
Jaws Corner, Mji Mkongwe.

Nakala:
TFF, Dar es Salaam: kwa taarifa. Wachezaji mnao tayari.
CAF: kwa kumbukumbu, ikiwa faili letu bado lipo.
Makamanda wa vikosi vyote: kwa utekelezaji, kama kawaida.
Mameneja wa hoteli za Kaskazini: mrudisheni winga siku za mechi tu.
Makocha wa watoto, Mnazi Mmoja na viwanja vyote vya vumbi, wanaonunua mipira kwa pesa ya mfukoni mwao: kwa malipo.