Kuivalisha Droni Kuukuu Kamera Mpya: Mwongozo kwa Asiye na Shaka

Anza na droni yenyewe. Usihangaike na ya kisasa, maana kamera yake imefungwa kiwandani na hakuna cha kuchokonoa. Tafuta Phantom 2 ya DJI, ile nyeupe iliyotoka mwishoni mwa 2013. Ukiulizia kwa wapiga picha za harusi wa Nairobi, kuanzia Kawangware hadi Kilimani, hukosi mwenye nayo kabatini, na atakuuzia kwa furaha inayopaswa kukutia wasiwasi. Haina kamera yake. Ilitengenezwa ibebe kamera za GoPro za wakati ule kwenye gimbali, yaani kale kamkono kenye mota kanachotuliza picha chombo kikiyumba. Wewe utaivalisha GoPro Hero9 ya 2020.

Shuka mjini, ingia Barabara ya Luthuli, panda ngazi za jengo lolote lenye vibanda vya elektroniki. Uliza kama Hero9 inaingia kwa Phantom 2. Utajibiwa, “Inaingia bosi, lete tu.” Wala hudanganywi: kwa gundi na mikanda ya plastiki, hata redio ya mbao ingeingia.

Hapo usiombe mizani. Mizani huharibu biashara. Ukipima, utagundua kwamba Phantom 2 na betri yake ni gramu 1,000, gimbali ni kama 170, na Hero9 ni 158. Kiwanda kiliandika kwamba chombo kisiruke kikizidi gramu 1,300. Ukijumlisha utarudi nyumbani na pesa zako, na mwongozo huu utakuwa umekwisha mapema. Basi usijumlishe.

Usikumbuke pia kwamba Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya hapa ni nyepesi kwa takriban moja ya sita kuliko ya Mombasa, hivyo panga linalozunguka lina hewa kidogo ya kusukumia na mota hulazimika kukimbia zaidi kubeba mzigo uleule. Zile dakika 25 za hewani zilizoandikwa kwenye boksi hazikuandikiwa Lavington. Betri iliyokaa kabatini miaka kadhaa itazipunguza zaidi, lakini muuzaji alisema iko sawa, nawe si mtu wa kumkosoa mtu mzima.

Sasa gimbali. Mota zake zilisawazishwa kwa uzito na umbo la kamera ya zamani. Hero4 Black, kwa mfano, ni gramu 88. Ukiifunga nzito, itakuwa ikitikisa kichwa kama mzee anayesinzia kwenye baraza la chifu. Fundi wa kibandani atakutuliza. Atabandika sarafu ya shilingi ishirini upande wa nyuma ili pande zilingane, kisha ataongeza vimpira vigumu vya kuzuia mtetemo, kisha sarafu nyingine. Kila dawa ina gramu zake. Usizihesabu hizo nazo.

Waya utakuletea raha ya pekee. GoPro za kizazi cha Hero4 zilitoa picha kupitia tundu dogo la USB la mtindo wa zamani, nayo gimbali ilitengenezwa kwa tundu hilo. Tangu Hero5 ya 2016 tundu ni la USB-C. Plagi haiingii, na picha haifiki kwenye skrini iliyo mkononi mwako. Dawa ya haraka ni kuwasha waifai ya kamera utazame kwenye simu. Waifai hiyo inaweza kuwa kwenye masafa ya 2.4 GHz. Rimoti ya Phantom 2 iko humohumo. Ukiongeza mitambo ya intaneti ya kila nyumba kwenye maghorofa ya Kileleshwa, droni itakuwa na wengi wa kuwasikiliza, wewe ukiwa mmoja wao.

(Ipo njia ya kuchosha: nunua Hero4 Black iliyotumika. Inapiga 4K na imo ndani ya uzito, na bibi harusi atakayeitazama video kwenye WhatsApp hataona tofauti yoyote. Tatizo ni kwamba hutakuwa na la kuwasimulia wenzako.)

Mahali pa kujaribia ni Kilimani. Upande mmoja una Ikulu, upande mwingine Uwanja wa Wilson, ambako ndege ndogo za Maasai Mara hupaa na kutua mchana kutwa. Mamlaka ya Usafiri wa Ndege, KCAA, ina kanuni za 2020 zinazotaka droni isajiliwe, rubani awe na leseni, kuingiza chombo nchini kuwe na kibali, na isipitishwe futi 400 kutoka ardhini. Yule mwenye kabati hakukupa karatasi yoyote, nawe hukuuliza. Mlinzi wa geti akikuuliza, sema ni ya harusi. Swali litakalofuata ni harusi ya nani, kwa hiyo uwe na jina tayari.

Rusha. Ikishaanguka, okota mapanga kwenye ua wa jirani, omba msamaha kwa mwenye gari, halafu andika tangazo mapema kabla jirani hajaweka video yake mtandaoni: “Phantom 2, kamera mpya kabisa, imeruka mara moja tu. Bei ni maelewano. Hero9 inaingia.”