Nimegongwa na Gari Lililosimama

Nililipa pesa zote taslimu, zikahesabiwa mara mbili juu ya mkeka, nikakabidhiwa ufunguo mmoja wenye kutu na kadi ya gari ambayo panya walishakula pembe zake. Kisha bibi aliyeniuzia akaniambia nirudi baada ya wiki tatu.

"Kuna nini tena, bibi?"

"Kuna kuku."

Gari lilikuwa chini ya mfenesi, shambani Muheza, na bibi mwenyewe alikwisha acha kuhesabu limekaa hapo miaka mingapi. Paa lilikuwa na bonde, kumbukumbu ya fenesi lililoiva bila kumwarifu mtu. Kwenye kiti cha nyuma alilala kuku mwekundu juu ya mayai kumi na moja, akinitazama kwa jicho moja kama konda anavyomtazama abiria asiye na nauli. Bibi akanieleza taratibu: kuku huatamia siku 21, huyu ameanza juzi, akiguswa sasa atayasusa mayai. "Umenunua gari, mwanangu. Hukununua kuku."

Nikapanda daladala kurudi Tanga, ufunguo mfukoni. Tangu siku hiyo nimekuwa mtu mwenye gari anayepanda daladala, na mambo hayajabadilika sana.

Gari lenyewe ni Peugeot 404. Yalianza kuuzwa Ufaransa mwaka 1960, umbo lake limechorwa na Pininfarina wa Italia: nyuma lina mapezi mawili kama samaki aliyeghairi kuwa papa. Yalitengenezwa zaidi ya milioni mbili, kwa hiyo mtu akiniambia nina gari adimu huwa namkatalia. Magari yapo. Kilicho adimu ni lile linalowaka.

Kosa ni la baba. Mimi nilizaliwa mwaka 1966, na Pasaka ya mwaka huo Bert Shankland, Mskochi aliyekuwa akiishi hapa Tanzania, alishinda mashindano ya magari ya Safari akiwa na Chris Rothwell ndani ya 404. Mwaka uliofuata wakashinda tena, gari la aina ile ile. Baba alitaka niitwe Shankland. Mama akasema mtoto wake hataitwa jina ambalo bibi yake hawezi kulitamka, mjadala ukafungwa. Lakini hadithi hazikufungwa. Nilikua nikisikia kwamba mwaka 1963 yaliondoka magari 84 yakarudi saba, mshindi akiwa 404. Na mwaka 1968 yakaondoka 93 yakarudi saba vile vile, mshindi tena 404. Baba alizisimulia tarakimu hizo kama watu wengine wanavyosimulia nasaba. Hakuwahi kumiliki gari. Alikuwa na baiskeli, kama Tanga nzima.

Siku ya 22 nikarudi Muheza na Fuso lililokwenda kupakia machungwa. Vifaranga tisa walikuwa wamekwisha hamia uani, wanakula chenga kwenye sahani ya chuma inayong'aa. Nikaitazama sahani ile mara ya pili. Ilikuwa kofia ya ringi, ya nne, ambayo nilidhani imepotea.

"Bibi, hiyo ni ya gari."

"Ilikuwa ya gari," akasema. "Sasa ni chombo cha vifaranga. Wakikua utakuja kuichukua."

Tukalikokota gari hadi Tanga, na njia nzima machungwa yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye Fuso na kugonga boneti, moja moja, kama mtu anayebisha hodi.

Fundi wangu wa kwanza alikuwa kijana hodari kwelikweli. Magari ya Kijapani anayafungua akiwa anaongea na simu. Alifungua boneti, akanyamaza, akakata simu. Halafu akaniita kwa sauti ya daktari anayetoka chumba cha wagonjwa mahututi.

"Mzee, injini imeanguka."

Nikachungulia. Kweli, injini ilikuwa imelala ubavu, imeegemea upande wa kulia. Akanieleza kwamba mikono ya injini imekatika kwa sababu ya kukaa muda mrefu, akaleta jeki na kipande cha mninga, akaanza kuinyanyua. Alihangaika saa nzima. Injini ilikataa, na gari zima likawa linanyanyuka pamoja nayo. Wakati huo mzee mmoja wa mtaa wa pili, aliyekuja kuazima spana, akasimama mlangoni akitazama kwa utulivu wa mtu anayeangalia sinema aliyokwisha kuiona.

"Unafanya nini, mjukuu wangu?"

"Nainyoosha, babu."

"Wafaransa waliilaza wenyewe. Digrii 45. Ili boneti liwe chini. Ishushe kabla hujaivunja."

Kijana aliishusha, akakusanya vifaa vyake, akaniomba nauli. Mzee hakurudi kwake tena. Alivuta kigoda akakaa, na tangu siku hiyo gari likawa lake. Mimi nikabaki na risiti.

Mzee ndiye aliyenifunulia siri ya difu, linalozungusha magurudumu ya nyuma. Difu la 404, aliniambia, si la meno kwa meno kama haya mengine. Ndani yake kuna skrubu ya chuma inayolizungusha gurudumu la shaba nyeusi. Oili nyingine za siku hizi zina dawa zinazoila shaba. Enzi zake kiwanda kiliagiza oili iliyotengenezwa kwa nyonyo. Nikadhani sikusikia vizuri.

"Nyonyo hii hii?"

"Hii hii. Tulipoikosa ya kopo, tulitia ya dukani. Nenda kalete lita moja na nusu. Safi, isiyochanganywa na kitu."

Naomba msomaji aelewe hali yangu. Mimi nina upara. Si upara wa kubabaisha. Ni upara uliokamilika, uliomaliza kazi yake mwaka 2009. Nikaingia duka la vipodozi Ngamiani, likiwa limejaa wanawake, nikamwambia binti wa kaunta kwamba nataka mafuta ya nyonyo, lita moja na nusu.

Akanitazama kichwani. Akatazama tena, kwa huruma ya dhati.

"Baba, nisikudanganye. Yanasaidia pale ambapo bado kuna mizizi."

"Siyo ya kichwani, mwanangu. Ni ya nyuma."

Duka likanyamaza. Mama mmoja mtu mzima, mkoba kwapani, akanisogelea na kunong'ona kwa sauti iliyofika barabarani: "Kama ni tumbo limefunga, nyonyo ni kijiko kimoja tu, baba. Lita moja na nusu itakuua."

Nikasema ni ya difu. Hakuna aliyejua difu ni nini, na nadhani mpaka leo wapo wanaoamini ni ugonjwa wa wanaume. Chupa zilikuwa za mililita 60. Nilihitaji 25, yeye alikuwa nazo 18 safi na saba zilizotiwa karafuu. Nikachukua zote niondoke. Binti akanipa kitana cha bure, zawadi ya mteja mkubwa. Mzee alizikataa zile saba akisema difu halipiki pilau, nikaenda kutafuta nyingine maduka mengine kwa aibu ile ile iliyokatwa vipande vidogo vidogo. Za karafuu alichukua mke wangu, na nywele zake sasa ni za kupigiwa mfano. Hiyo ndiyo faida pekee aliyoipata katika mradi huu, naye hunikumbusha. Gari nalo likipita, nyuma linaacha harufu ya saluni.

Ikabaki kuwasha.

Betri ilikuwa dhaifu, haikuweza kuzungusha stata, lakini 404 haikosi njia: mbele ina tundu la hendeli. Unachomeka chuma, unazungusha kwa mkono, injini inaamka. Mzee alikuwa ameseti moto wa plagi kwa sikio, kwa kuwa taa ya kupimia ilikuwa imeazimwa. Akanifundisha kushika: gumba likae upande mmoja na vidole vingine, usilizungushe kama unavyoshika mpini wa jembe. Nikamwitikia. Watoto wa madrasa walikuwa wamejipanga ukutani. Nikashika kama jembe.

Sikio la mzee lilikuwa limewahisha moto kidogo. Ukiwahi, mafuta hulipuka kabla pistoni haijafika juu, na pistoni hurudi ilikotoka. Hendeli nayo hurudi nayo, na mkono wako pia, utake usitake. Nilisikia mlio mmoja, nikajikuta nimekaa chini, kiganja kinatazama upande ambao viganja havitazami. Watoto wakapiga makofi.

Zahanati, muuguzi akaniuliza nimepatwa na nini. Kwa maumivu nikajibu kwa kifupi.

"Nimepigwa na gari."

Akaweka kalamu chini. "PF3 ya polisi iko wapi?"

Nikajaribu kusahihisha, lakini neno limeshaandikwa: ajali ya gari. Akanifunga bandeji ya kushikilia, kwa upole, akanielekeza kituoni. Pale kaunta nikamkuta askari mwenye subira, daftari kubwa, na swali moja linalozaa jingine.

"Aliyekugonga amekimbia?"

"Hapana. Yupo nyumbani."

"Dereva ni nani?"

"Hakukuwa na dereva, afande."

"Gari lilikuwa katika mwendo gani?"

"Lilikuwa limesimama."

"Limesimama tangu saa ngapi?"

Nikafikiri. "Tangu utawala wa Mzee Mwinyi."

Akanitazama muda mrefu. Kisha akauliza ni la nani gari hilo, nikasema langu. Akauliza kama nataka kumfungulia mashtaka mwenye gari. Kwa kweli mkono ulivyokuwa ukiniuma, nilikawia kujibu. Fomu nikapewa. Pale penye maelezo ya tukio aliandika mstari mmoja, mwandiko mzuri, ambao mke wangu ameutia kwenye fremu: *Mlalamikaji amegongwa na gari lake mwenyewe lililosimama.*

Liliwaka wiki tatu baadaye, betri mpya, moto umesetiwa kwa taa. Siwezi kueleza sauti ile kwa mtu asiyeijua, na anayeijua haihitaji. Mzee alivua kofia. Nikamwambia baba, ambaye hayupo tena, jambo moja hivi kwa ndani, na hilo silisemi hapa.

Safari ya kwanza ilikuwa Raskazone na kurudi, umbali ambao mtu wa baiskeli anaumaliza huku anakula mahindi. Nilichukua saa mbili. Si kwa sababu gari lilikuwa baya. Ni kwa sababu ya wenyewe. Kila mtu aliyevuka miaka 50 Tanga hii ana hisa kwenye gari langu. Mmoja alinisimamisha aguse gia, ambayo kwenye 404 imekaa kwenye stelingi, ili aone kama mkono unakumbuka. Mwingine akasema ndilo lililompeleka mama yake hospitali siku aliyozaliwa yeye. Nikamwambia hili limetoka Muheza. Akasema basi lilihama. Lakini lile, kwa maneno yake mwenyewe, lilikuwa jeupe. "Si mlilipaka rangi," akanijibu, kwa hasira kidogo, kana kwamba nimemficha.

Karibu na bahari trafiki akanipungia mkono. Nikazima injini nitafute leseni, kosa ambalo sitalirudia. Hakutaka leseni. Babu yake alikuwa dereva wa taksi, 404, akiwapeleka watu Lushoto. Je, anaweza kukaa tu kidogo? Alikaa, akashika stelingi, akafunga mlango mara tatu ili ausikie. Akashuka macho yakiwa mekundu. Nami nikapiga stata, na stata ikajibu kwa kimya.

Kwa hiyo kama Jumapili ile ulipita Raskazone ukamwona askari wa usalama barabarani, sare nyeupe pe, ameshika mapezi ya gari la kale anasukuma, naye mwenye gari ndani akiwa na mkono mmoja kwenye bandeji, hukuota. Lilipowaka lilimtemea moshi wa miaka yote ya Muheza kifuani. Akapiga saluti. Akanukia saluni.

Sasa gari lina kila kitu isipokuwa ile kofia ya nne. Nimekwenda Muheza mara mbili. Mara ya kwanza vifaranga walikuwa bado hawajakua. Mara ya pili walikuwa wamekua, lakini kuku mwekundu ametotoa wengine kumi, na bibi akanionyesha kwa kidole bila kusema neno. Nilipeleka beseni jipya la plastiki. Akalipokea, akashukuru, akaanika nalo mihogo.

Basi naomba. Kama kwenu kuna kuku wanaokula, maji yanayotekwa au nazi inayokunwa kwenye kofia ya ringi ya Peugeot 404, hata kama imebonyea, nitafute Tanga. Uliza tu gari linalonukia nyonyo, utaletwa mpaka mlangoni. Nitakupa masufuria mawili mapya na nauli ya kurudi, na ukipenda chupa moja ya mafuta yenye karafuu.