Ngeli za Kikombe: Uainishaji wa Awali wa Watumiaji, Watazamaji na Wapinzani wa Kikombe cha Hedhi Kabati na Viunga Vyake

1. Tatizo la utafiti

Maandishi mengi kuhusu kikombe cha hedhi huanza na mwanamke aliyechoshwa na tamponi. Anatafuta mbadala, anakipata kikombe, mambo yanamnyookea. Hoja hiyo inasimama vizuri kule ilikozaliwa, lakini ikishushwa Kabati inakosa pa kukanyaga. Kabati ni mji wa soko huko Kitui Magharibi, kwenye barabara inayotoka Kibwezi, ikapita Kitui mjini na kuendelea hadi Migwani. Madukani mwake utapata mbegu za ndengu, betri, kamba ya kufungia punda na sodo za bei mbalimbali. Ukiitisha tamponi utaombwa uieleze, na ukimaliza kuieleza utapewa pamba.

Kwa hiyo swali la "tamponi au kikombe?" si letu kulirithi. Mwanamke wa hapa anayejaribu kikombe anatoka kwenye sodo, au kwenye kitambaa, au kwenye kipande cha blanketi kuukuu. Sisi tunauliza jingine: kikombe kikiingia mji huu kinakutana na watu wa aina gani, na ni nini hasa kinachowazuia? Jibu lililozoeleka kwenye semina ni aibu na mila. Utafiti huu utaonyesha kwamba mshukiwa mkuu yuko jikoni.

2. Kifaa na nasaba yake

Kikombe na tamponi ni wa rika moja. Tamponi yenye kijiti cha kuisukumia ilipata hataza Marekani mwaka 1933, kwa jina la daktari Earle Haas. Miaka minne baadaye, 1937, mwigizaji Leona Chalmers alipata hataza ya kikombe cha mpira. Tamponi ikatajirika, kikombe kikalala kwa miongo. Wanahistoria wana sababu nyingi za usingizi huo. Sisi tunapendekeza moja iliyo rahisi kuliko zote. Tamponi hununuliwa kila mwezi, kikombe kizuri hudumu hadi miaka kumi, na hakuna mfanyabiashara anayefurahia kumwambia mteja, "Karibu tena mwongo ujao." Silikoni ya kitabibu ndiyo iliyokifufua, na mwanzoni mwa miaka ya 2010 kampuni ya Ruby Cup, iliyoanzishwa na wahitimu wa chuo cha biashara cha Copenhagen, ilikuja kuanzia kazi Kenya.

Umbo lake ni la kengele iliyogeuzwa mdomo juu, yenye ukingo laini, vitundu vidogo vya hewa na kimkia chini. Hubeba mililita 20 hadi 30 hivi. Mwanamke wa kawaida hupoteza takriban mililita 30 hadi 40 kwa hedhi nzima, na akipita 80 daktari huanza kuuliza maswali. Yaani hedhi ya kawaida haijazi kikombe kidogo cha kahawa ya Mombasa, ingawa yeyote aliyewahi kuitwa ubaoni akiwa na sketi ya rangi hafifu atakula kiapo kwamba ni debe.

Mikunjo ya kukiingizia ni mitatu mikuu: wa herufi C, wa namba saba, na wa kuubonyeza ukingo uingie ndani. Kikishafunguka ndani, hushikilia kuta kwa mvuto wa hewa. Kwa hiyo kukitoa si kuvuta kimkia. Ni kubana kitako ili hewa ipite, ndipo kishuke. Humwagwa, huoshwa, hurudishwa, na vingi vimeruhusiwa kukaa ndani hadi saa 12. Hedhi ikiisha, huchemshwa dakika tano hivi. Msomaji ashike sana sentensi hiyo ya mwisho, maana ndiyo iliyozua ngeli nyingi zinazofuata.

3. Ngeli

Tumetumia mfumo wa ngeli kwa sababu kila aliyepita shule ya msingi Kenya ameshateswa nao, hivyo hatuhitaji kuueleza upya.

Ngeli ya Wapimaji kwa Macho. Makazi yake ni mkutano wa chama, chini ya mwembe. Kikombe hupitishwa mkono kwa mkono, mpimaji hukiweka kiganjani, hukibonyeza, humtazama jirani yake, kisha hutamka neno moja: "Chote?" Ana ndugu wa karibu, Muulizaji wa Kupotea, ambaye hofu yake ni kwamba kitapanda hadi tumboni na kuhitaji upasuaji. Anastahili jibu la heshima: njia ya uke inaishia kwenye mlango wa kizazi, na mlango huo haupitishi kitu cha ukubwa huo. Kikombe kinaweza kukwama kwa muda, kikamtoa mtu jasho, lakini hakina pa kutorokea. Ngeli hii hudhaniwa kuwa ya wapinzani. Si kweli. Ni ya wanunuzi wanaofikiri kwa sauti.

Ngeli ya Walinzi wa Ubikira. Hawa hawaulizi ukubwa, huuliza umri. Hofu yao ni utando. Tunawajibu bila kejeli, kwa kuwa wanawapenda binti zao: utando huo hutofautiana mtu na mtu, unaweza kutanuka au kuchanika kwa mambo yasiyohusiana kabisa na mwanamume, na mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani pamoja na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa yalitamka wazi kwamba hakuna uchunguzi wa mwili unaoweza kuthibitisha ubikira. Jambo lililotushangaza ni kwamba wakali wa ngeli hii si wazee. Susu, yaani bibi, aliyelea binti watano kwa vitambaa vilivyofuliwa usiku na kuanikwa chini ya leso husikiliza hadi mwisho, kisha huuliza swali ambalo hakuna mtoa semina aliyekuja na jibu lake: "Mwana wakwa, kinachemshiwa wapi?"

Ngeli ya Sufuria. Hapa ndipo penye kiini. Nyumba ya wastani ina sufuria ya chai, ya muthokoi, ya ugali, na ile kubwa ya wageni. Kila moja ina kazi yake, ina mwenyewe, na ina mashahidi. Mwanamke anayekubali kikombe kwa moyo wote, aliyejifunza mikunjo yote mitatu, anaweza kushindwa siku ya mwisho wa hedhi kwa sababu hakuna chombo anachoweza kutia kitu hicho mekoni bila kuitisha baraza la ukoo. Silikoni iliyooshwa vizuri na kuchemshwa haiachi uchafu kwenye sufuria; hilo ni jibu la maabara. Jikoni kuna sheria nyingine, na mama mkwe ndiye jaji.

Ngeli hii ina vijingeli vitatu. Wa Mkebe hutenga kopo la maziwa ya unga, hulitoboa kwa waya kulitengenezea mshikio, na hulificha mahali ambapo watoto hawatalitumia kuchezea. Wa Usiku husubiri nyumba ilale, kisha huchochea makaa yaliyobaki. Huyu huathirika zaidi na wageni wasioaga. Wa Kuahirisha hukiosha kwa maji na sabuni, hujiambia atakichemsha kesho, na kesho hiyo huwa ndefu. Wa tatu ndiye mwenye kuhitaji msaada wa haraka, na msaada wenyewe hauna haja ya mfadhili wa kutoka mbali: ni kopo lenye kifuniko.

Ngeli ya Mtungi. Kitui ni nchi kavu. Mito mingi hutiririka msimu wa mvua tu, na maji hupatikana kwa kuchimba mchangani au nyuma ya mabwawa ya mchanga, yale ambayo vikundi vya mwethya, yaani vya kazi ya pamoja, wengi wao wanawake, wamejenga kwa mawe na jasho. Mtungi wa lita 20 ukishafika nyumbani mgongoni mwa punda huwa umeshagawanywa kichwani kabla ya kushushwa. Kwa hesabu hiyo ya ukame, kitambaa ni ghali mno: hudai kulowekwa, kufuliwa, kusuuzwa. Sodo haidai maji ila hudai shimo la kutupwa. Kikombe hudai maji machache ya kukisuuza na machache ya kuchemshia, lakini huongeza sharti moja lisilopungua: mikono safi, kabla na baada. Kwa hiyo wanaosema kikombe hakifai mahali pasipo maji wamekosea kipimo. Kinahitaji maji kidogo kuliko kitambaa, ila kinayahitaji pale pale, chooni, wakati huo huo. Na choo kinahitaji komeo. Choo kisicho na komeo, chenye shimo wazi, kimeshameza vikombe vya watu waliokuwa wakikimbizana na mlango.

Ngeli ya Mahesabu. Tuseme pakiti moja ya sodo ni shilingi 60 na mwanamke ananunua moja kwa mwezi. Kwa miaka kumi ni shilingi 7,200, na kikombe kinauzwa kwa chini ya hapo kwa mbali. Mtoa semina hufunga hesabu hapo na kusubiri makofi. Mwenye ngeli hii hapigi makofi. Shilingi 60 anazo leo baada ya kuuza mayai. Bei ya kikombe hajawahi kuwa nayo mkononi asubuhi moja bila karo kuiona kwanza. Haba na haba hujaza kibaba, lakini haba hizo huliwa kabla kibaba hakijajaa.

Ngeli ya Wahubiri. Ni wale ambao kikombe kimewakubali. Dalili ya kwanza ni kimya cha miezi michache. Dalili ya pili ni kwamba hawanyamazi tena. Hukitaja kanisani baada ya ibada, kwenye matatu, kwenye foleni ya posho. Huwachosha watu, na ndio njia bora ya kukieneza inayojulikana.

Ngeli ya Wanaume. Tumeiweka mwisho kwa uchache wa vielelezo. Kuna Mnunuzi wa Gazeti, anayetumwa sodo na kurudi nazo zimefungwa kwa kurasa za michezo. Na kuna Mtunga Sera. Kwa haki, kijingeli hiki kina rekodi: Kenya iliondoa kodi ya VAT kwenye sodo mwaka 2004, na mwaka 2017 sheria ikaitaka serikali iwape wasichana wa shule za umma sodo bila malipo. Hata hivyo, Februari 2023 Seneta Gloria Orwoba alitakiwa kutoka ukumbini kwa kuingia na suruali yenye doa jekundu. Kaunti ya Kitui ina tiba ya hali hii. Jabali la Nzambani, husimuliwa, humbadilisha jinsia yeyote anayelizunguka mara saba. Nairobi haijatuma ujumbe wa mafunzo.

4. Mjadala

Msomaji mwenye shaka atasema ngeli zetu ni porojo za sokoni. Basi tumpe maabara. Mwaka 2019 jarida la Lancet Public Health lilichapisha mapitio ya tafiti 43 zenye washiriki 3,319: kikombe huvujisha sawa na bidhaa nyingine au pungufu yake, na katika tafiti zilizouliza, asilimia 70 hivi ya waliokijaribu walitaka kuendelea nacho. Madhara makubwa yalikuwa nadra, ingawa mwenye koili ya kupanga uzazi anashauriwa kumwuliza mhudumu wa afya kwanza, maana kukivuta vibaya kunaweza kuing'oa.

Kenya yenyewe haikukaa nje. Huko Siaya, wasichana wa shule za msingi waligawiwa vikombe, sodo, au wakaendelea na walichokuwa nacho, na watafiti wakawa wanakagua hata rangi ya vikombe, maana silikoni iliyotumika hubadilika rangi na haidanganyi dodoso. Matumizi yalipanda taratibu kadiri miezi ilivyokwenda. Kwa maneno mengine, wasichana hao walipitia ngeli kwa ngeli. Baadaye utafiti mkubwa zaidi katika shule 96 za sekondari, wenye wasichana zaidi ya 4,000, ulitoa matokeo mwaka 2023: kikombe kilihusishwa na maambukizi machache ya virusi vya malengelenge ya sehemu za siri, lakini hakikuwazuia wasichana kuacha shule. Tunayapenda matokeo hayo kwa ukweli wake. Kikombe hupokea hedhi. Hakilipi karo.

Tukiziweka ngeli zote pamoja, jambo moja linajitokeza. Ukali wa maadili ambao wageni huogopa kuukuta huku ni mdogo kuliko unavyoandikwa. Mwenye aibu hushawishiwa na jirani aliyekitumia. Mwenye mila hupata jibu. Asiye na kopo, komeo wala shilingi za mkupuo hashawishiki kwa hotuba, kwa kuwa hana ubishi. Ana upungufu wa vyombo.

5. Mapendekezo

Kwanza, kikombe chochote kinachogawiwa kitolewe pamoja na kopo lake la kuchemshia, lenye kifuniko. Pili, shule inayopewa vikombe ipewe komeo la choo na maji ndani ya choo, si kwenye tangi lililo upande wa pili wa uwanja. Tatu, vyama vya akina mama, ambavyo kwa miaka mingi vimekuwa vikinunuliana sufuria kwa zamu, vipanue orodha: mwezi huu Mwaitu (mama) wa kwanza apate kikombe na kopo, mwezi ujao wa pili. Hakuna taasisi Kabati yenye uzoefu mkubwa zaidi wa kutatua tatizo la chombo ambacho mtu mmoja hawezi kukinunua kwa mkupuo.

Nne, kamati zinazoandaa Siku ya Hedhi Salama kila tarehe 28 Mei zije na vikombe, makopo, na mama mmoja aliyekitumia mwaka mzima ambaye yuko tayari kuulizwa chochote. Mgeni rasmi aruhusiwe kuhutubia iwapo muda utabaki.