Namna ya Kuumaliza Mgongo Kabla ya Kufika Walikale

Wanaoharibu mgongo bila utaratibu huishia kuumia nusunusu: leo kiuno kinauma, kesho wamepona, kesho kutwa wako shambani. Masisi na Walikale hatupendi kazi ya nusu. Fuata mwongozo huu, ndugu msomaji, na kabla ya kutimiza miaka 40 utakuwa unatembea kama mtu anayetafuta sindano iliyoanguka.

Kwanza ijue mali yako. Mtoto huzaliwa na pingili 33 hivi. 7 ni za shingo, 12 za kifua zinazoshika mbavu, 5 za kiuno. Chini yake kuna 5 zinazoungana ukubwani kuwa mfupa mmoja, na zile ndogo za mwisho, kama 4, ndizo kifandugu, ambacho kila abiria wa moto, yaani pikipiki, kwenye njia ya Sake anakijua bila kufundishwa. Kati ya pingili kuna visahani vya gegedu, 23 kwa jumla, na ndani ya kila kimoja mna ute mzito. Nyuma ya visahani hupita ugwe wa mgongo. Huo huishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Kuanzia hapo kwenda chini ni mafungu ya mishipa ya fahamu tu, ya miguu, ya kibofu na ya haja kubwa. Hicho kibofu usikisahau.

Usipoteze muda na kifua, maana mbavu zimekifunga na hakiharibiki upesi. Lenga visahani viwili vya chini kabisa vya kiuno. Ndivyo vinavyobeba uzito wote wa juu, na ndivyo vinavyopasuka mara nyingi zaidi, kwa tajiri na kwa maskini.

Sasa chagua kazi. Zamani Walikale ilikuwa na shule ya juu ya fani hii, nayo ni Bisie. Kasiterite, yaani madini ya bati, ilipogunduliwa pale mwanzoni mwa miaka ya 2000, wapagazi walishuka nayo kwenye magunia ya kilo 50, wakikata msitu kwa miguu mpaka wafike barabarani. Na barabara yenyewe? Kile kipande cha lami cha Kilambo, kwenye njia ya taifa namba 3, kiligeuzwa uwanja wa ndege: vindege vikitua, vikipakia madini, vikirudi Goma. Lami ikawa ya ndege, tope likawa la mgongo. Kampuni ya Alphamin ilipoanza kuzalisha bati Bisie mwaka 2019, malori yakapata njia yao.

Usikate tamaa, Rubaya bado ipo. Mwaka 2024 Umoja wa Mataifa ulisema kwamba vilima vile vya Masisi vinatoa zaidi ya asilimia 15 ya tantalamu ya dunia nzima. Tantalamu hiyo huishia ndani ya simu ambayo mwenyewe anaishika kwa vidole viwili. Aliyeichimba alishinda ameinama shimoni, kisha akapandisha mfuko wa udongo kwenye mteremko ambao mvua ikinyesha huteleza, na pengine huporomoka wote na watu wake.

Kama madini hayakukupenda, kuna chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo. Goma wameijengea sanamu ya rangi ya dhahabu, nayo sanamu haiumwi kiuno. Kuteremka ni sherehe. Faida yetu iko kwenye kupanda, unapousukuma mzigo wa kilo mia kadhaa za makala au viazi huku umeinama kutoka kiunoni.

Lakini bingwa ni mama. Kamba kwenye paji la uso, kuni mgongoni, mtoto mbele, na papa nyuma yake mikono mitupu, analinda msafara. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti uliofanywa Kenya: wanawake wa Kijaluo, wanaobeba kichwani, na wa Kikuyu, wanaobeba kwa kamba ya paji la uso, waliweza kubeba hadi asilimia 20 ya uzito wao bila kutumia nguvu ya ziada. Papa wengi wangeupenda utafiti huo. Ila wausome mpaka mwisho: mzigo ukizidi hapo, gharama inapanda. Kwa mama wa kilo 55, asilimia 20 ni kilo 11. Bidoni moja ya maji ni kilo 20. Na risasi zikilia, mgongo huohuo ndio unaohamisha godoro, sufuria na bibi mzee.

Ufundi wa kuinua ni rahisi. Nyoosha magoti, inama kwa kiuno, uweke mzigo mbali na tumbo, na ukishauinua, geuka ghafla kumwitikia anayekuita. Katika miaka ya 1960 daktari Alf Nachemson wa Uswidi aliwachoma watu hai sindano za kupimia ndani ya visahani. Akaona shinikizo ni dogo mtu akilala, linaongezeka akisimama, zaidi akikaa ameinama, na akiinama huku ameshika mzigo linapanda vibaya. Kwa hiyo ukishashusha gunia, usipumzike: panda moto, uwe abiria wa tatu, utikiswe mpaka Sake.

Siku kisahani kitakapopasuka utajua mwenyewe. Ute hutoka ukabana mzizi wa mshipa, na maumivu hushuka kutoka tako, nyuma ya paja, mpaka kwenye wayo. Ndiyo siatika. Bahati mbaya wengi hupona bila kupasuliwa, ndani ya wiki au miezi michache, wakitembea taratibu na kupunguza mzigo. Ili lisikutokee hilo, lala kitandani mwezi mzima: misuli italegea, na visahani, ambavyo ukubwani havina mishipa ya damu na hulishwa kwa mgongo kusogea, vitashinda njaa. Kisha tuma mtoto famasi alete diklofenaki na deksametazoni. Ya kwanza itakula tumbo. Ya pili, ukiizoea, itadhoofisha mifupa uliyotaka kuitibu. Lipia pia picha ya radio, isiyoonyesha kisahani wala mshipa.

Ipo njia isiyohitaji mzigo hata kidogo. Kifua kikuu huweza kuingia kwenye pingili na kuzila polepole mpaka mgongo utoke nundu. Percivall Pott, mpasuaji wa London, aliueleza ugonjwa huo mwaka 1779. Mtoto akikonda, akipata homa za jioni, akikataa kuinama kuokota kitu, sema karogwa. Mchanje chale, usubiri kibyongo. Usimwambie jirani kwamba dawa za kifua kikuu hutolewa bure.

Sasa kile kibofu, na hapa sina utani. Miguu yote miwili ikilegea, ukipata ganzi kati ya mapaja, mkojo ukikataa kutoka au ukitoka bila ruhusa, nenda hospitali siku hiyohiyo. Kuchelewa hata siku chache kunaweza kukuacha hivyo maisha yote. Na aliyefukiwa na shimo au kuangushwa na moto, akasema hasikii miguu, msimkalishe, msimnyanyue kwa kwapa. Mlazeni juu ya ubao au mlango, kichwa, shingo na kiwiliwili vikiwa mstari mmoja, watu wanne wambebe. Gunia lake liacheni njiani.