Sifa za Mtandao Uliokatika

Kukatika kwa mtandao hutukanwa kila siku na hakujapata wakili. Lakini katika kazi ya kuweka data moja kwenye simu nyingi, ni vichache vilivyowafundisha wahandisi kiasi hicho, tena bila ada. Mtandao ukiwa imara, simu huiuliza seva, seva hujibu, na mhandisi mvivu huonekana hodari. Ukikatika, kila simu hubaki na nakala yake na kuifanyia itakavyo. Mawimbi yakirudi, jambo moja lina maelezo mawili.

Walioichukulia adha hii kwa heshima mapema ni watu wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani. Mfumo wao wa Coda, ulioanza kujengwa 1987 chini ya Mahadev Satyanarayanan, uliweka akiba ya mafaili kabla ya safari, ukaandika kila badiliko lililofanywa njiani, kisha ukayapeleka kwa seva muunganisho uliporejea. Bayou, wa maabara ya Xerox PARC katika miaka ya 1990, ulizidi kwa adabu: kila badiliko lilibeba maelekezo ya nini kifanyike likigongana na jingine. Chumba cha mkutano kikiwa kimeshachukuliwa saa nne, ijaribiwe saa tano. Hadi seva kuu ithibitishe, miadi yote ilikuwa ya muda tu, jambo ambalo wahudhuriaji wa mikutano walilijua hata kabla ya kompyuta.

Kukatika huku pia kumefichua uongo wa saa. Programu nyingi huamua kwamba aliyeandika mwisho ndiye mshindi. Basi simu ambayo saa yake imekimbia siku mbili mbele huwashinda wote, haki ikiwa upande wake au la. Leslie Lamport alikwisha kuonyesha 1978 kwamba matukio yanaweza kupangwa kwa kufuata lipi lingeweza kusababisha lipi, bila kuiamini saa ya ukutani.

Tena ni kero yenye uthibitisho wa hisabati, heshima ambayo mgao wa umeme haujaipata. Eric Brewer alidokeza mwaka 2000, na Seth Gilbert na Nancy Lynch wakathibitisha 2002, kwamba mtandao ukigawanyika, mfumo hauwezi kumjibu kila mtu na papo hapo kuhakikisha majibu yote yanalingana. Mwaka 2011 Marc Shapiro na wenzake walirasimisha aina za data ambazo nakala zake, zikipokea mabadiliko yale yale kwa mpangilio wowote, huishia sawa. Kuishia sawa, hata hivyo, si kuwa sahihi.

Fadhila hizi zina mpaka. Simu mbili zisizo na mtandao zinaweza kutumia shilingi ile ile, na hakuna kanuni ya kuunganisha nakala itakayoigeuza kuwa mbili. Ndiyo maana M-Pesa, iliyoanza Kenya 2007, huweka salio kwenye seva, si kwenye simu. Kwa aliyesimama kaunta akingoja ujumbe wa malipo, sifa zote hizi hazina thamani.