Nauli ya Jumapili

Wenye tramu za Philadelphia, Marekani, walikuwa na shida za wenye nacho: siku isiyo ya kazi, abiria haba. Dawa yao? Mwaka 1896 wakafungua bustani ya burudani ya Willow Grove, mbali kidogo na mji, wakawamwagia watu muziki bure. Hata bendi maarufu ya Mmarekani John Philip Sousa ilipiga pale miaka na miaka. Bure, ndiyo, ila nauli ya kwenda na kurudi huikwepi. Ukarimu wa mvuvi kwa samaki! Kisha watu wakanunua magari, wakaenda zao kwingine. Bustani ikafungwa 1975. Mwaka 1982 pakafunguliwa jengo la maduka. Kuingia bado bure. Kutoka na pesa zako ndiyo kazi.